Wiki sita za kuivunja glukosi: tathmini ya darasa la jioni la bayokemia, Mwanza

Kwa wiki 6 mfululizo, kila Jumanne na Alhamisi, nimetoka kazini maabara, nikateremka hadi Mabatini na kupanda ngazi za jengo ambalo chini yake kuna karakana ya kuchomelea vyuma, ili niketi katika chumba cha viti 22 na kusikiliza jambo moja tu: jinsi seli inavyoivunja sukari ili ipate nishati. Darasa hilo linaendeshwa na mwalimu mstaafu wa kemia, na wanaohudhuria ni wanafunzi wa stashahada za afya, walimu wachache wa sekondari, na watu wa aina yangu, yaani wateknolojia wa maabara tuliosoma zamani na tunaojiandaa kurudi chuoni. Ada ni shilingi 60,000 kwa wiki zote, pamoja na kijitabu cha kurasa 40. Nimeona niandike tathmini hii kwa kirefu kwa sababu masomo ya ziada ni mengi hapa mjini kwetu, na mengi kati yake humpa mwanafunzi orodha ya kukariri na kumwachia hapo. Darasa hili halifanyi hivyo. Lina kasoro, nami nitazieleza, lakini ninaliona kuwa na thamani kuliko fedha niliyoitoa.

Kilichonipeleka huko ni chupa moja ya damu. Miaka miwili iliyopita tulipokea sampuli kutoka kituo kimoja cha afya kisiwani Ukerewe, damu ya mama mwenye kisukari ambaye alikuwa akitumia dawa. Ilikuwa imechukuliwa saa kumi na mbili asubuhi, ikawekwa kwenye chupa ya kawaida isiyo na kihifadhi chochote, ikangoja kivuko Nansio, ikavuka ziwa kwenye joto la mchana, na ilipofika mezani kwangu ilikuwa saa nane. Nilipima sukari nikapata 3.4 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, jibu likaenda kwa daktari, naye akaanza kufikiria kupunguza dozi. Ilikuwa bahati kwamba muuguzi wa kule kisiwani alikuwa ameandika pembeni mwa fomu namba aliyoisoma kwenye glukometa wakati anachoma sindano: 5.8. Daktari alinipigia simu kuniuliza tofauti hiyo imetoka wapi, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa kwamba sampuli imechelewa. Nilijua kanuni kwamba damu iliyokaa hupungukiwa sukari kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa kwenye joto la chumba, na nilijua kwamba tunatakiwa kutumia chupa yenye kifuniko cha kijivu. Kwa nini iwe hivyo, ni nani anayeila sukari hiyo ndani ya chupa, na ile dawa ya kwenye kifuniko cha kijivu inamzuiaje, sikuweza kueleza, na jambo hilo lilinikaa moyoni.

Wengi wetu tulifundishwa glaikolisisi, ambayo ndiyo njia ya seli ya kuivunja glukosi, kama tulivyofundishwa majina ya mikoa: hatua 10, vimeng'enya 10 (yaani protini zinazoharakisha mimenyuko), inaingia glukosi moja yenye kaboni 6, zinatoka piruveti 2 zenye kaboni 3 kila moja, faida ni ATP 2, yaani molekuli ambazo seli huzitumia kama fedha ya nishati. Nilikariri, nikafaulu, nikasahau. Mwalimu huyu wa Mabatini wiki ya kwanza hakutaja kimeng'enya hata kimoja, na mwanafunzi aliyejaribu kuonyesha kwamba anayajua majina aliombwa kwa upole ayaweke mfukoni mpaka yatakapohitajika. Badala yake aliuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa katika miaka yangu yote ya masomo: ukitaka kuikata molekuli yenye kaboni 6 katikati, mkasi wako unaruhusiwa kukata wapi?

Ninaeleza kilichofuata kwa undani kwa sababu hapo ndipo darasa lilipojilipa. Alitoa mfukoni vizibo 6 vya soda vilivyotobolewa na kutungwa kwenye mshipi wa kuvulia, kila kimoja kikiwa na namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na kile cha kwanza akakipaka rangi nyekundu. Vizibo ni kaboni, akasema, na hicho chekundu ni kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu, ambayo wanakemia huiita kabonili. Mshipi unaounganisha kaboni na kaboni ni mgumu, na kemia ya ndani ya seli, yenye maji na joto la mwili tu, haina nguvu ya kuukata popote inapotaka. Ina sehemu moja inayoiweza: hesabu kutoka kwenye kizibo chekundu, ruka kifungo cha kwanza, ukate cha pili, kwa sababu oksijeni ya kabonili huzivuta elektroni kuelekea upande wake na kuifanya kaboni jirani iweze kuzipokea kifungo kinapoachia. Kisha akamkabidhi mkasi dada mmoja wa uuguzi aliyeketi mbele. Dada akahesabu, akakata kati ya kizibo cha 2 na cha 3, na mkononi mwake vikabaki vipande viwili visivyolingana, kimoja cha kaboni 2 na kingine cha kaboni 4.

Mwalimu akafunga mshipi upya, akasugua rangi kwa kitambaa chenye spiriti, akaihamishia kwenye kizibo cha 2, akamrudishia mkasi. Safari hii kanuni ileile ilimwongoza kukata kati ya cha 3 na cha 4, na vikadondoka mezani vipande viwili vya vizibo vitatu vitatu. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Hatua ya pili ya glaikolisisi, ile ya kuibadili glukosi yenye fosfeti (kundi la fosforasi na oksijeni) kuwa fruktosi yenye fosfeti, ambayo katika vitabu huonekana kama zungusho lisilo na sababu la atomu chache, ndiyo hiyo ya kuhamisha rangi nyekundu kutoka kizibo cha 1 kwenda cha 2. Hakuna atomu iliyoongezwa wala iliyopunguzwa. Seli inatafuta mahali pa kukatia ili ipate nusu mbili zinazofanana, kwa kuwa nusu zinazofanana zinaweza kupita katika njia moja ya vimeng'enya badala ya kuhitaji njia mbili.

Kutoka hapo mambo ya hatua za mwanzo yalijipanga yenyewe. Glukosi huingia kwenye seli kupitia mlango wa protini, na mlango unaoingiza unaweza pia kutoa. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kuipachika fosfeti, ambayo ina chaji hasi, na kitu chenye chaji hakipenyi utando wa mafuta wala mlango wa glukosi haukitambui. Sukari imefungiwa ndani. Lakini ukishajua kwamba molekuli itakatwa katikati, unaona mara moja kwamba fosfeti moja haitoshi, kwa sababu nusu moja ingebaki na chaji na nyingine ingetoroka. Ndiyo maana hatua ya tatu inapachika fosfeti ya pili kwenye ncha ya upande wa pili, na ncha hiyo ni kaboni namba 1, ambayo haikuwa na nafasi hiyo mpaka kabonili ilipohamishwa. Hatua hizi mbili za fosfeti zinagharimu ATP 2. Mwalimu aliziita mtaji, na mfanyabiashara yeyote wa Soko Kuu angeelewa kwa nini mtaji hutolewa kabla ya faida kuonekana.

Kuna jambo la hatua ya nne ambalo aliligusa vizuri ingawa kwa haraka. Ukikata fruktosi yenye fosfeti mbili katika hali sanifu za kimaabara, mizani ya nishati inakuwa chanya kwa kilojuli 23.8 kwa kila moli, maana yake mmenyuko huo ungependa kurudi nyuma kuliko kwenda mbele. Vilevile katika hatua ya tano, ambapo kipande kimoja hubadilishwa kiwe kama mwenzake, mizani ikiachwa itulie karibu asilimia 96 itabaki upande usiotakiwa. Mwanafunzi mmoja aliuliza, kwa haki kabisa, iweje basi njia isonge. Jibu lilikuwa la Mwaloni Kirumba: mtumbwi wa dagaa unaendelea kushusha mzigo kwa sababu wachukuzi wanauondoa ufukweni, na wachukuzi wakisimama gati linajaa na kushusha kunakoma. Hatua za mbele zinaondoa kila kinachozalishwa, kwa hiyo kiwango chake ndani ya seli hubaki kidogo, na mmenyuko hulazimika kwenda mbele kuziba pengo. Nilipenda kwamba hakuishia kwenye mfano, bali aliandika hesabu ubaoni, akaweka viwango halisi vya ndani ya chembe nyekundu za damu na kutuonyesha jinsi ile namba chanya inavyoshuka hadi karibu na sifuri.

Wiki ya tatu ilikuwa ngumu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo iliyobeba uzito wa somo zima, kwani inahusu hatua ya sita, ambapo faida inazaliwa. Hadi hapo seli imetumia tu. Sasa kipande cha kaboni 3 kina kundi la aldehaidi, yaani kabonili iliyo mwishoni mwa mnyororo, na aldehaidi ikigeuzwa kuwa asidi hutoa nishati nyingi. Kama ingegeuzwa kwa maji moja kwa moja, nishati hiyo yote ingepotea kama joto, mithili ya kuni zinazowaka mahali pasipo na sufuria. Kimeng'enya cha hatua hii kinafanya jambo la ustadi mkubwa: kinaishika aldehaidi kwa atomu ya salfa iliyo katika moja ya asidi amino zake, kinaiondolea elektroni na kumkabidhi mbebaji anayeitwa NAD, na wakati bado kimeishikilia kwa kifungo cha salfa chenye nishati nyingi, kinaruhusu fosfeti, na si maji, kuja kuiachanisha. Fosfeti hii haitoki kwenye ATP. Ni fosfeti ya kawaida iliyomo ndani ya majimaji ya seli, na imepachikwa bila malipo, kwa nguvu ya mmenyuko wenyewe. Kifungo chake kikivunjwa kwa maji hutoa kilojuli 49.3 kwa moli, ilhali kuitengeneza ATP kunahitaji 30.5 tu, kwa hiyo hatua inayofuata inaihamisha fosfeti hiyo hadi kwenye ADP, yaani ATP iliyopungukiwa fosfeti moja, bila shida, na kwa kuwa vipande ni viwili, mtaji wa ATP 2 umerudi wote.

Hapa mwalimu aliingiza historia kidogo, na kwa kipimo sahihi. Mwaka 1897 Eduard Buchner alionyesha huko Ujerumani kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira, yasiyo na seli hata moja iliyo hai, bado yanachachusha sukari, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907. Baadaye Arthur Harden na William Young, wakiwa London, waligundua kwamba uchachukaji huo hupungua kasi baada ya muda na hufufuka ukiongezewa fosfeti, na kwamba fosfeti hiyo haibaki huru bali hujishikiza kwenye sukari. Watu walikuwa wakishangaa fosfeti inahusiana nini na pombe, na jibu limo katika aya iliyotangulia. Mwalimu aliongeza kwamba aseniki katika umbo la aseneti, ambayo inafanana na fosfeti, ikiingia mahali pake katika hatua hiyo ya sita hushikizwa vilevile, kisha kifungo chake huvunjika chenyewe papo hapo, hivyo sukari inaendelea kuteketea bila ATP yoyote kupatikana hapo. Mfano huo mmoja ulinifundisha kazi ya fosfeti kuliko kurasa nyingi nilizowahi kusoma.

Kisha ikaja Alhamisi ya wiki ya nne, jioni niliyoingoja bila kujua kwamba ninaingoja. Mwalimu alikuwa kwenye hatua ya tisa, ile ya kimeng'enya kiitwacho enolasi, ambacho kinaondoa molekuli moja ya maji kwenye kipande cha kaboni 3. Aliandika namba mbili ubaoni. Kabla ya maji kuondolewa, fosfeti ya kipande hicho ikivunjwa hutoa kilojuli 17.6 hivi kwa moli, kiasi kisichotosha kutengeneza ATP. Baada ya maji kuondolewa, fosfeti ileile iliyopo mahali palepale hutoa 61.9. Nishati haikuongezwa kutoka nje. Kilichotokea ni kwamba molekuli imepindwa ikae katika umbo isilolipenda, na fosfeti ndiyo inayoizuia isijinyooshe. Wale waliokulia vijijini Usukumani wanaujua mtego wa ndege wa fimbo iliyopindwa na kushikiliwa na kijiti kidogo: kijiti kikitoka fimbo inafyatuka. Hatua ya kumi ni kukitoa kijiti. Fosfeti inahamia kwa ADP, molekuli inajinyoosha kuwa piruveti, na nishati ya kujinyoosha huko ndiyo inayolipia ATP, mbili kwa kila glukosi, ambazo ndizo faida halisi.

Na enolasi, akasema kana kwamba ni jambo dogo, huzuiwa na floraidi, ambayo hushirikiana na magnesiamu na fosfeti kuziba mahali pake pa kazi. Niliinua mkono kabla hajamaliza sentensi. Chupa yetu ya kifuniko cha kijivu ina floraidi ya sodiamu. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria, yaani vile viungo vya seli vinavyotumia oksijeni kutengeneza ATP, zinaishi kwa glaikolisisi peke yake, na ndani ya ile chupa iliyovuka ziwa kutoka Nansio ziliendelea kula sukari ya yule mama kwa saa 8, hatua moja baada ya nyingine, kwa sababu hakuna aliyeziambia kwamba zimetoka mwilini. Nilipolisema hilo darasani, mwalimu aliniuliza swali lililonifanya nisilale vizuri usiku ule. Kama floraidi inaziba hatua ya tisa, ni nini kinachozuia hatua ya kwanza isiendelee kuichukua glukosi?

Hakuna kinachoizuia, angalau si mara moja. Glukosi inaendelea kupachikwa fosfeti na kuingia njiani mpaka ATP ya chembe inapopungua, kwa kuwa hatua ya mwisho haizalishi tena, na hapo ndipo hatua ya kwanza inapokosa mtaji na kusimama. Ndiyo sababu kwenye chupa ya kijivu sukari huendelea kushuka kwa saa moja au mbili za mwanzo, na zaidi ya hapo wakati mwingine, kisha ndipo inapotulia. Ndiyo sababu pia chupa zenye sitreti yenye asidi, ambayo hugusa vimeng'enya vya mwanzoni mwa njia, huhifadhi sukari vizuri zaidi tangu dakika za kwanza, na ndiyo sababu kuiweka sampuli kwenye maji ya barafu na kutenganisha plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, ndani ya nusu saa kunabaki kuwa kanuni bora. Nimefanya kazi maabara kwa miaka 11 nikiamini kwamba kifuniko cha kijivu ni kama kufuli. Kumbe mahali kufuli lilipofungwa, mbele ya njia au nyuma yake, ndipo penye jibu lote.

Wiki ya tano ilihusu NAD, na hapa mwalimu alileta chupa mbili za maji ya kunywa zenye hamira na maji ya uvuguvugu, moja ikiwa na sukari, zote zikiwa zimevishwa puto mdomoni. Hadi tulipomaliza kujadili, puto la chupa yenye sukari lilikuwa limesimama. NAD ni mbebaji wa elektroni, na seli inazo chache. Zote zikishapakia, hatua ya sita inasimama na njia nzima inasimama nayo, hata kama sukari ni tele. Penye oksijeni mitokondria huzipokea elektroni hizo. Pasipo na oksijeni, seli inahitaji mahali pengine pa kuzishusha, na hamira huzishusha kwenye asetaldehaidi inayotokana na piruveti, ikabaki alkoholi, huku kaboni dayoksaidi iliyotoka njiani ikijaza puto, au ikiumua donge la maandazi. Misuli na chembe nyekundu huzishusha kwenye piruveti yenyewe, ikawa laktiki. Yaani pombe ya rubisi ya kule Kagera na laktiki ya mvuvi aliyepiga kasia hadi mikono ikalegea ni majibu mawili ya swali moja la kemia. Mwalimu alisahihisha pia imani iliyoenea kwamba laktiki ndiyo inayoumiza misuli siku ya pili baada ya kazi ngumu, kwani laktiki huwa imeshaondolewa kwenye misuli ndani ya muda mfupi, saa nyingi kabla ya maumivu hayo kuja. Alieleza kwa nini sato aliyehangaika sana wavuni hukakamaa mapema kuliko aliyekufa upesi: amekwisha kutumia akiba yake ya nishati, na misuli isiyo na ATP haiwezi kulegea. Wenye biashara ya samaki darasani, maana kulikuwa na mmoja, waliandika hilo kwa makini.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote ni kijitabu. Mwalimu anapozungumza anasisitiza kwamba kuvunja kifungo chochote cha kikemia hugharimu nishati, na kwamba ATP inatoa nishati kwa sababu kinachopatikana baada ya mmenyuko wote ni imara kuliko kilichokuwepo mwanzo. Lakini ukurasa wa 6 wa kijitabu umeandikwa kwamba nishati "imehifadhiwa ndani ya kifungo na hutoka kifungo kinapovunjwa". Hilo ndilo kosa analolipiga vita ubaoni, na mwanafunzi atakayejisomea nyumbani bila kuhudhuria atalibeba hadi kwenye mtihani. Ukurasa wa 31 unasema glukosi moja ikiteketezwa yote hutoa ATP 38. Hesabu hiyo ya zamani ilichukulia kwamba kila NAD iliyopakia hulipa ATP 3 kamili. Leo inakadiriwa kulipa 2.5 hivi, kwa sababu mitokondria hutumia sehemu ya nguvu yake kuingiza fosfeti na kubadilishana ATP na ADP kwenye utando, na jumla inayokubalika ni 30 hadi 32. Nilimwonyesha mwalimu kurasa zote mbili, akakiri kwamba kijitabu kilichapwa miaka mingi iliyopita. Ninaheshimu kukiri huko, ila anayelipa shilingi 60,000 anastahili kijitabu kinachokubaliana na mwalimu wake.

Kasoro ya pili ni mgawanyo wa muda. Udhibiti wa njia hii, hasa kwenye hatua ya tatu, ulipewa nusu saa tu. Kimeng'enya cha hatua hiyo hupunguza kasi ATP inapokuwa nyingi na huharakisha AMP (ATP iliyobaki na fosfeti moja tu) inapoongezeka, na hiyo ndiyo maana hamira inayopata oksijeni hutumia sukari kidogo kuliko hamira iliyofunikwa. Mambo kama hayo yanahitaji jioni nzima. Vilevile ilitajwa kwa sentensi moja tu kwamba kutoka glukosi hadi piruveti hutolewa kilojuli 146 tu kati ya takribani 2,840 zinazopatikana sukari ikiungua yote, na kwamba iliyobaki imo ndani ya piruveti ikisubiri mitokondria. Kuhusu chumba, karakana ya chini huchomelea hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, na nusu saa ya kwanza aliyeketi nyuma hasikii vizuri. Umeme ulikatika mara mbili, lakini kwa kuwa mwalimu anatumia ubao na chaki, taa moja ya kuchaji ilitosha.

Wiki ya sita ilifidia mengi. Mwalimu aliitumia kwa vimelea vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 uliangamiza watu wengi mno kwenye mwambao wa ziwa hili upande wa Uganda. Kimelea hicho kikiwa ndani ya damu ya binadamu kinategemea glaikolisisi peke yake kupata ATP, na hatua zake 7 za mwanzo zimefungiwa ndani ya vifuko vidogo viitwavyo glaikosomu, vilivyoelezwa na watafiti Opperdoes na Borst mwaka 1977. Tulitakiwa tueleze wenyewe kwa nini ziwe 7 na si 6 wala 8. Ilichukua muda, lakini tulifika: ATP 2 zinazotumika katika hatua ya kwanza na ya tatu hurudishwa kwenye hatua ya saba, kwa hiyo ndani ya kifuko hesabu ya ATP inakuwa sifuri, na faida yote hupatikana nje, kwenye hatua ya kumi. Vimeng'enya vya mwanzo vya kimelea hiki havina breki za kawaida, na kama vingekuwa nje vikigusa ATP yote ya seli, vingeendelea kuitumia kupachika fosfeti kwenye sukari bila kikomo. Kifuko kinafanya kazi ya breki. Dada yule wa mkasi ndiye aliyelitamka hilo kwanza, na mwalimu hakuongeza neno.

Darasa linamfaa aliyekwisha kusoma kemia ya kidato cha nne na anayekumbuka kifungo maradufu ni nini. Asiyekumbuka atapotea wiki ya kwanza, ingawa mwalimu hubaki dakika 20 baada ya kipindi kwa wenye maswali na hatozi ziada. Wanaopitia mtihani wa wiki ijayo watafute msaada mwingine, maana hapa hakuna maswali ya mitihani iliyopita. Malipo yanaweza kugawanywa mara mbili. Fika mapema ukae mstari wa mbele, uje na kikokotozi chako, na ukipewa kijitabu sahihisha ukurasa wa 6 na wa 31 kwa kalamu kabla hujaanza kusoma. Mimi nimeandika upya maelekezo ya sampuli za sukari kwa vituo vinavyotuletea damu kutoka visiwani, yakiwa na sentensi mbili zinazoeleza sababu, na wiki iliyopita boksi la kwanza kutoka Nansio lilifika likiwa na barafu, plazma ikiwa imetenganishwa kulekule.